Kifuniko cha Kutangaza Fataki

Tantine Mado,

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, maana Kiingereza cha masomo kinasema 'aunt' tu, hakijui kukuita Tantine. Niko muzima. Kuku wako mwekundu naye yuko, bado anataga chini ya kitanda changu na bado ananichukia.

Jana walipiga fataki za mwaka mupya. Hakuna mutu aliyekimbia. Nilitaka ujue hiyo mbele ya yote.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa Nchelenge, upande huu wa ziwa? Mulio wa kwanza tu, ukanishika mukono, ukabeba na sufuria ya bukari, ule ugali wetu, ingali moto, tukashuka mbio mpaka ziwani, tukaingia katika mutumbwi wa Ba Mwila, yule muvuvi. Hata kafi hatukuwa nayo. Mwenyewe akatukuta tumejikunyata, bukari katikati, akauliza tunaenda wapi. Ukamuonyesha ng'ambo, Congo, kule kule vita ilikotufukuza. Akakaa kwenye muchanga, akacheka mpaka machozi, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha soko: "Mama, hii ni fete ya mwaka mupya. Lete bukari, mimi niko na samaki."

Kesho yake ukaenda biro, ofisi ya wilaya. Wakakuambia sheria iko, mutu hapigi fataki bila ruhusa ya polisi. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimejificha kwa kitenge chako. Ukawajibu: "Sheria iko muzuri. Lakini sisi wenye tulikimbia vita, nani atatuambia saa?"

Tangu pale, kila ruhusa ikitoka walikupa saa na pahali, nawe ukapita nyumba kwa nyumba ukigonga kifuniko cha sufuria. Ukasema: "Leo ni fataki, si bunduki."

Juzi bwana wa biro alikuja kukutafuta. Hakujua kwamba tulikuzika. Nikamuonyesha kifuniko chako kinaning'inia ukutani. Akaelewa tu, akavua kofia. Halafu akauliza nani atatangaza sasa.

Tantine, unanijua. Mimi mwenye darasani naitwa jina na najibu kwa kichwa. Nyumba ya kwanza niligonga kifuniko, sauti ikakataa, baba mwenye nyumba akadhani nauza vyombo. Nyumba ya pili ni ya Mama Furaha, yule anayeingia chini ya kitanda na watoto kila radi ikipiga. Akanitazama kinywa, akingoja. Nikasema ile yako, ni fataki, si bunduki. Kwa Kiswahili, kisha kwa Kibemba kwa jirani zake.

Akasema: "Aa. Mado alituachia mutu."

Nimelala na neno hilo. Asante, Tantine. Asante kwa kile kitenge. Kumbe huko nyuma nilikuwa nasikia yote.

Sasa fataki zinapigwa kiwanjani, maana ruhusa inakataza kuzipiga karibu na petroli ya wavuvi. Ba Mwila lakini jana alikaa ndani ya mutumbwi wake, ati anangoja wageni wenye bukari. Nikamupelekea.

Nitagonga kila mwaka, nakuahidi, hata sauti ikitetemeka. Na wewe, ukisikia mulio huko uliko, usiamuke. Ni fete tu.

Mutoto wako,
Solange