Taa ya Mwisho Getini

Kaka yangu,

Salamu zetu zikufikie ukiwa mzima. Mtoto ameota jino la pili na sasa akinyonya ananing'ata. Nadhani kachukua tabia za mjomba wake. Mimi sijambo, ila maziwa yamepungua kwa mawazo.

Jana jioni nilipita kwa yule tajiri uliyemsimamia ujenzi. Taa za bustani zilikuwa zimewashwa. Za karibu na nyumba zinang'aa, lakini kadiri unavyoshuka zinafifia, na ile ya mwisho getini ni kama kaa linalozimika. Mume wangu alikwambia mbele yangu, "Shemeji, kule ni mbali, umeme utachoka njiani. Tununue waya mnene." Ukamcheka: "Waya ni waya, fundi. Wewe fukia tu, msimamizi ni mimi."

Akafukia. Tajiri alipokuja juu, ukamwambia waya mwembamba aliuchagua fundi. Sasa mume wangu amefukuzwa, na mtaani hakuna anayemwita hata kubadilisha balbu.

Hataki nikuandikie. Anasema, "Mwache, mama. Nikimuumbua kaka yako, wewe utabaki na nani?" Huyo ndiye mtu uliyempaka matope.

Kaka, nenda kamwambie tajiri ukweli. Namjua mume wangu: ukisema leo, kesho atabeba jembe mkaufukue waya huo pamoja, wala hatakuuliza kitu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado nakuita kaka.