Mama Yangu Hakuwa na Maradhi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, maana kila mtu hapa ananishauri kwa upole na upole wao unakaribia kunimaliza.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya sekondari ambako baba yangu ni mlinzi wa lango na mama yangu alikuwa mpishi, nasema alikuwa kwa sababu mwaka jana sufuria kubwa la mvuke la jikoni lilifyatuka kifuniko na maji yaliyokuwa yakitokota yakammwagikia kifuani, na baba ndiye aliyefungua lango gari limpeleke hospitali, akalifunga tena, akabaki pale mpaka zamu yake ikaisha kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aende. Mama hakurudi. Komeo la kile kifuniko lilikuwa limekatika siku nyingi, wapishi wakalifunga kwa waya, wakalalamika, wakaambiwa fundi yuko njiani, na njia hiyo lazima ni ndefu kwa sababu mpaka leo hajafika.

Sasa kwetu kuna desturi, siku ya mahafali mwanafunzi mmoja husoma hadithi ya maisha yake mbele ya wazazi na wageni, na safari hii wamenichagua mimi, nadhani kwa sababu yatima anapendeza jukwaani. Nikaandika. Mwalimu wa lugha alilia, akaniambia nisiguse hata nukta, akaipeleka kwa mkuu wa shule, tunayemwita Bwana Busara, nayo ikarudi na sentensi moja tu imebadilishwa, pale nilipoeleza habari ya sufuria pameandikwa, "Mama yangu mpendwa alitutoka baada ya maradhi ya muda mfupi."

Nikaenda ofisini nikamwambia, "Mwalimu, mama yangu hakuwa na maradhi."

Akavua miwani. "Binti yangu, hapa kila mtu ana uhuru wa kusema. Ila jukwaa ni la shule."

"Sasa uhuru wenyewe nikautumie wapi, Mwalimu?"

"Nyumbani."

Nyumbani kwenyewe ni chumba na sebule nyuma ya bweni, nyumba ya shule hiyo hiyo, nikamkuta baba anapiga pasi sare yake, nikamweleza, hakuinua macho, akasema, "Soma walivyoandika, mwanangu." Mama mdogo aliyekuja kutulea akadakia, "Huo ukweli wako ndio utakaotupangishia nyumba?" Na rafiki yangu wa dawati moja, mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, ambaye hajawahi kulala njaa, anasema nikinyamaza nimewasaliti wanafunzi wote na kwamba katiba inanilinda. Mshauri, katiba inanilinda mimi, baba analinda lango lao, na jikoni kuna mama mwingine sasa, anapika kwenye sufuria lile lile lenye waya ule ule, kila mchana nikipokea chakula namtazama mikono. Mahafali ni Jumamosi ijayo. Nikisoma ya kwangu namtoa baba kazini, nikisoma ya kwao namzika mama mara ya pili, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nifanye nini?

Binti wa Mlinzi

*

Binti wa Mlinzi,

Pole, mwanangu. Pole wewe, na umfikishie baba pole yangu. Sasa futa machozi tugombane kidogo.

Sufuria si hadithi. Waya ule hausubiri mahafali, nawe unakaa kumtazama mama wa watu mikono! Kesho asubuhi mwambie mwalimu wako wa lugha, aliyelia vizuri sana, kwamba machozi yana miguu: aende nawe kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kisha kwa mkaguzi wa usalama kazini. Na yule mpishi aelezwe wazi kilichompata mwenzake. Kwa hili usimwombe mtu ruhusa, hata baba.

Tuje kwenye hadithi. Kusimulia maisha yako ni haki yako, na haki hiyo ina pacha wake: kutolazimishwa kusema uongo. Bwana Busara anaweza kukunyima kipaza sauti. Kukuazima ulimi wake hawezi. Sentensi yake usiisome. Wakikataa yako, rudisha karatasi kwa adabu, waambie watafute yatima mwingine. Rafiki yako wa mdahalo mwache, anagawa ushujaa wa nyumba isiyo yake. Mama mdogo usimdharau, swali lake ni la kweli na mimi sina jibu lake. Safu hii haipangishi vyumba.

Lakini wewe nawe umekosea. Hadithi hiyo wameisoma walimu wote wawili, na baba yako hujamsomea. Ulimpelekea ubishi wakati ana pasi ya moto mkononi, ukachukua neno lake la kwanza kuwa la mwisho. Habari ya lango, kama umeiandika humo, ni maisha yake pia. Asipotaka isomwe mbele za watu, iondoe. Habari ya mama ni yenu wote wawili.

Basi leo mketishe. Mama mdogo atoke akatembee. Msomee yote kama ulivyoiandika, polepole, ndipo umuulize kuhusu Jumamosi. Akisema soma, soma, na nyumba mtaitafuta pamoja. Akisema hapana, usipande jukwaani. Hadithi haiozi, utaisimulia siku utakayokuwa chini ya paa lako.

Akilia, usimkatize wala usimwambie ajikaze. Mshike mkono. Akinyamaza, endelea kusoma.