Kwa Konsolata, Niliyemkana Mlangoni Kwangu

Mdogo wangu Konsolata,

Sijui kama uko hai, wala sijui kama ukilisikia jina langu hutageuza uso. Mimi ni Mama Zaituni, fundi cherehani wa Ujiji. Ulikaa chumba changu cha uani miaka ile Warundi mlipojaa makambini, ulipopewa kibali cha kuja mjini kutibiwa mgongo.

Zaituni alikuwa na miaka saba. Hakuweza kufunga kifungo. Penseli aliikamata kwa ngumi nzima kama mchi, na daftari lilirudi nyumbani limetoboka. Watu walitoka Gungu na Rusimbi kuniletea vitambaa, wakisifu mkono wangu, na mwanangu mwenyewe hawezi kushika sindano. Niliona aibu. Nikasema ni mvivu, nikawa namchapa vidole kwa rula ya kupimia nguo. Siku uliyoniona nikimchapa, hukunigombeza. Uliichukua rula mkononi mwangu, ukaiweka juu ya kabati.

"Mama Zai, huyu hakatai. Hawezi bado."

Ndipo ukaniambia kwamba kabla ya vita ulisomea kwenu kazi ya kutibu watoto kwa mazoezi na michezo ya mikono, na kwamba hata kambini ulikuwa ukiifanya chini ya turubai. Nilicheka. Kwangu mimi tiba ilikuwa vidonge na sindano.

Ulianzia begani. Ulimpa kipande cha mkaa achore ukutani akiwa amesimama, mpaka ukuta wangu wa uani ukawa mweusi wote. Ukamfanya akande unga wa chapati, abane vibanio vya nguo kwenye kamba, achague maharage kwa kidole gumba na cha shahada. Penseli uliikata ikabaki kipande kifupi, ngumi ikakosa pa kushika. Akikasirika na kuitupa, ulikuwa unamwambia tu, "Buhorobuhoro, mama," yaani polepole kwa Kirundi, naye anaiokota na kuanza upya.

Unakumbuka asubuhi aliyofunga vifungo vya sare peke yake? Alikuja barazani kifua mbele, kifungo cha juu kimeingia tundu la chini, shati limekwenda upande. Nikanyoosha mkono nimrekebishe, ukanizuia. Akaenda shule hivyo hivyo, na sisi wawili tukacheka mpaka machozi.

Wiki hiyo kibali chako kiliisha. Ulikuwa umeshafunga mzigo. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuomba ubaki mpaka mtoto aweze kuandika jina lake.

"Wakinikamata je?"

"Uko kwangu," nilikujibu. "Nitasema nao mimi."

Walikuja Jumanne alasiri, maofisa wawili wa uhamiaji na mtu wa serikali ya mtaa. Barazani nilikuwa na wateja wanne. Ukatoka ndani na Zaituni, mikono yenu imejaa unga. Walipokuuliza kibali, ulinitazama mimi. Ofisa naye akanigeukia.

"Mama, huyu ni nani wako? Umemhifadhi wewe?"

Nikasema, "Simjui vizuri. Kaja tu kuomba kibarua."

Zaituni akashangaa. "Mama, si ni mama mdogo?"

Nikamwambia anyamaze.

Hukubishana, Konsolata. Ulimfuta mtoto unga vidoleni, kimoja kimoja, ukapanda gari lao. Mzigo wako nilimpa dereva aliyekuwa anakwenda kambini. Mimi mwenyewe ningeweza kwenda, safari haikuwa ya kunishinda. Nilikosa uso wa kukutazama. Nilipokuja kusikia kwamba mmerudishwa Burundi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Jina lake aliliandika miezi miwili baadaye, kwa mazoezi yako, mimi nikiyaiga kama nilivyokuona. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama, lakini zinasomeka. Akauliza mbona mama mdogo harudi kuona. Nikamwambia ulikwenda kwenu kwa furaha.

Sasa yeye ni mama wa watoto wawili. Mwezi uliopita tulikuwa jikoni, nikashindwa kuendelea kuubeba uongo ule. Nikamweleza yote, macho yangu chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nilikuwepo," akasema. "Ulidhani nimesahau? Nilikuwa nakungoja useme."

Miaka yote hiyo, Konsolata. Alikula nami na kuniamkia kila asubuhi, akijua.

Yeye ndiye aliyetaka barua hii isomwe redioni, kwa kuwa redio yetu inasikika hadi ng'ambo ya ziwa. Nikamwambia majirani watasikia, hata wale wateja wa siku ile.

"Ndiyo," akasema. "Wasikie."

Basi wasikie. Nilikuwa nakujua. Ulikula sahani moja nami, ulimpa mwanangu mikono yake, na siku ile ulikuwepo kwangu kwa sababu nilikuomba mimi.

Ni mimi dada yako, kama bado waniita hivyo,
Mama Zaituni, Ujiji