Kiti cha Naibu

Scarborough, Toronto, 11 Januari 2025

Mjukuu wangu Ashif,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na mama yako hamjambo huko Hispania. Figo zangu zimechoka. Daktari hasemi tena habari za kupona, ananiuliza tu kama nalala vizuri.

Kuna jambo nimekuficha, wewe na nyumba nzima. Linahusu shule ya Mombasa na kile cheo nilichokikosa. Nimeanza kukuandikia mara nyingi, kila mara naishia kwenye salamu. Nivumilie.

Laiba, binti wa jirani, hunifungulia mechi zenu kwenye simu yake. Nakutafuta uwanjani kwa mazoea, kisha nakumbuka kuwa siku hizi wewe ni kocha msaidizi, umesimama pembeni nyuma ya mkubwa wako.

Babu yako

Almería, 15 Januari 2025

Shikamoo Babu,

Sisi wazima. Mama anasema ule hata kama huna hamu.

La shule usijitaabishe nalo, sote tunalijua. Ulikuwa naibu miaka yote, na kiti cha mkuu wa shule akapewa Mwalimu Katunge kwa sababu wewe ni Mhindi. Bibi Khatijabai akimwona sokoni alikuwa anavuka barabara.

Sasa yamenifika mimi. Jana kocha mkuu alifukuzwa, na rais wa klabu anataka niishike timu. Nitakataa. Kuna mashabiki wanaoguna wakisikia tu jina langu. Nilicheza kiungo maisha yangu yote nikiwapasia wengine, hata penalti niliwaachia. Bibi alikuwa akinicheka: "Mtoto huyu mpira kwake ni sufuria ya moto." Wewe ukamjibu kwamba watu kama sisi hatupewi kiti cha mbele, bora tujifunze heshima ya kiti cha pili. Nimeishi kwa maneno hayo. Jumatatu nitawapa jibu.

Mjukuu wako

Hospitalini, Toronto, Jumapili 19 Januari 2025

Ashif mwanangu,

Salamu zako zimefika. Zangu leo ni fupi, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na kesho ni Jumatatu.

Hakuna aliyeninyima. Mzee Hasan, mkuu wetu aliyekuwa akistaafu, alipendekeza jina langu na wizara ikakubali. Jioni ile Katunge, aliyeona kuwa nasita, alikuja nyumbani, bibi yako akiwa kwenye majlisi ya maombolezo ya Muharram. Akaniambia, "Mwalimu, ukikataa watanipa mimi, nami sitaki kukaa kwenye kiti chako." Nikamwambia akikalie tu.

Bibi yako aliporudi akauliza, nikasema wamempa mwenzao. Lilikuwa jibu jepesi. Kesho yake wanaume wakanipa pole msikitini, na pole zile zikanikaa vizuri mwilini. Katunge alipitwa bila salamu mpaka tulipohamia huku, na hakumwambia mtu. Khatijabai amekufa hajamsamehe kosa ambalo hakulifanya.

Ile heshima ya kiti cha pili niliyokufundisha niliitunga kufunika jambo hili. Ukikataa kesho, kataa kwa sababu yako, si kwa yangu.

Kile kiti nilipewa, Ashif. Nilikiogopa.

Babu yako