Nyati wa Kijivu na Mkwe Niliyemsingizia

Mpendwa Shangazi, naomba unisikilize kabla hujanicheka, mimi ni fundi cherehani na siku za mapumziko huenda mbugani kupiga picha kwa kamera ya filamu, ile ya kurekebisha kila kitu kwa mkono, na picha hunisafishia baba mkwe katika chumba chake cha giza nyuma ya nyumba, sasa mara tatu mfululizo nyati wangu wametoka kijivu na yangeyange, wale ndege weupe, waliokaa mgongoni mwao hawaonekani hata unyoya, weupe mtupu, ingawa naapa mshale wa kipima mwanga niliuweka katikati kila picha, na mke wangu alipouliza, neno likaniponyoka, "Labda mzee dawa za kusafishia picha zinamshinda siku hizi," naye akawaambia kaka zake, na Jumapili wanakaa kikao, wanataka kukifunga chumba chake cha giza eti macho yamechoka, mzee amepoa kabisa, na bado ananikaribisha chai. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi, nimecheka, kisha nikakasirika. Nyati ni mweusi. Mshale wako haumjui nyati, ukimlenga unadhani kuna giza, nawe unautii, unaongeza mwanga mpaka mweusi anakuwa kijivu na mweupe anaungua. Acha kumpima mnyama. Pima majani mabichi yaliyo kwenye jua lilelile linalompiga, weka kasi ya kufyatua na tundu la lenzi kwa kipimo hicho, kisha mikono mbali. Nyati ageuke, ndege aruke, usiguse kitu mpaka jua libadilike. Mshale utalalamika. Uache ulalamike.

Hilo ndilo jepesi. Sasa chukua ile mikanda ya filamu uitazame pembeni, kuna vinamba vilivyopigwa kwa mwanga kiwandani, hutokea dawani pamoja na picha zako. Dawa zingekuwa mbovu, navyo vingefifia. Vyako naamini vimekolea vizuri. Kabla ya Jumapili waite mkeo na shemeji zako mbele ya mzee, waonyeshe, useme kwa kinywa chako, "Nilikosea mimi, nikamsingizia baba." Usiseme neno lilikuponyoka. Ulilisema, bwana.

Na usidhani utamshtua mzee. Mtu aliyesafisha filamu miaka yote hiyo alivisoma vinamba hivyo siku ya kwanza, mkanda ukiwa bado unachuruzika maji. Alijua kosa ni lako. Alinyamaza ili binti yake asikudharau.