Nilimpa Padre Mke

Alhamisi, mwezi wa saba. Kihesa, Iringa.

Baridi leo inang'ata masikio, na upepo unapiga mabati tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ila sina hakika kama ni baridi. Shajara, leo usitegemee salamu ndefu. Niliyoyafanya Jumanne yamefika Kalenga, na kutoka Kalenga yamerudi nyumbani kwetu yakiwa yametiwa chumvi.

Najua wapo wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya ile skrinshoti inayozunguka kwenye magrupu. Karibuni. Huyo mwanamke anayetukanwa ndiye mimi.

Naitwa Atupele. Mchana nina kiduka cha fotokopi na kuchapa kazi za wanafunzi, jioni naandika hadithi za kuendelea kwenye blogu hii. Naishi na Mama na mdogo wangu Sekela. Sisi ni Wanyakyusa wa Tukuyu tuliohamia Iringa, na ni Walutheri. Sekela ana mchumba anaitwa Gasto, Mhehe wa Kalenga, Mkatoliki wa kuzaliwa. Watafungia ndoa kwa Wakatoliki. Mama alinuna mwezi mzima, kisha akakubali, akaanza hata kuulizia bei ya vitenge. Keshokutwa, Jumamosi, wazazi wa Gasto wanakuja kupanga siku ya ndoa.

Au tuseme walikuwa wanakuja.

Hadithi ninayoandika inahusu binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kanisa linamtenga. Hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, anakaa benchi la nyuma. Akishajifungua anatakiwa kurudishwa kundini, kwa hiyo Jumapili moja anasimamishwa mbele ya usharika mzima na kuulizwa kama ametubu, naye anaitikia. Aliyempa mimba yumo humohumo kanisani, kwenye kwaya, anaimba besi. Huyo hakuna anayemwita.

Aliyekulia kwenye sharika zetu anaijua ibada hiyo. Mimi nimeiona nikiwa mtoto, nikapanda juu ya benchi ili nione vizuri, nikafinywa paja nikashuka.

Mara ya kwanza niliiandika wazi kabisa. Walutheri, mchungaji, wazee wa kanisa, majina yao ya kubuni lakini kanisa letu. Nilikuwa na hasira na vidole vilikuwa vinakimbia vyenyewe. Sijawahi kuandika vizuri vile.

Kisha nikaogopa.

Mama ni mzee wa kanisa. Ibada ya jumuiya inafanyika sebuleni kwetu. Wanakaa kwenye makochi yetu, wanakunywa chai yetu, wanamwombea Sekela kwa jina. Nikawaona wote mbele yangu, kila mmoja na simu mkononi, halafu macho yao yakimgeukia Mama. Nikainuka nikafunga mlango, jamani, na nilikuwa peke yangu dukani.

Ndipo nikafanya ujanja wangu. Nikasema hii hadithi niwahamishie Wakatoliki. Wao ni wengi, hawanijui, na Mama hataguswa. Ndivyo nilivyowaza, sitajipamba hapa. Mchungaji nikamfanya padre, usharika nikaufanya parokia, nikatia rozari hapa na ubani pale, nikajiona nimemaliza kazi. Sikukaa hata kidogo kujiuliza kama kwao mambo hufanyika hivyo. Sikumuuliza mtu yeyote.

Na nikasahau kitu. Katika sehemu ya tano kuna mke wa mchungaji. Anagawa chai na maandazi baada ya ibada, anamrekebishia mumewe kola, anamwambia asichelewe chakula kitapoa. Mtoto wao wa mwisho anakimbia uani na andazi mdomoni.

Jumanne jioni nikaiposti. Nikaenda kula makande nikiwa na amani zangu.

Nilimpa padre mke na watoto.

Mwe! Jumatano nilipofungua simu niliona giza. Mmoja aliandika kwamba nimetumwa. Mwingine aliuliza nimelipwa na nani kuchafua kanisa. Kijana mmoja aliniuliza kama na askofu nitamwoza. Wapo waliocheka, na wapo waliosema wanalijua duka langu, na hao hawakuweka alama ya kucheka. Leo kila mteja aliyesukuma mlango nilimtazama mikono kwanza.

Lakini matusi nayajua, naandika mtandaoni siku nyingi. Aliyenimaliza ni dada mmoja wa Tosamaganga ambaye amekuwa akinisoma tangu nianze. Huyo hakutukana. Aliandika hivi: "Dada Atu, sisi hatumsimamishi binti namna hiyo. Tunayo ya kwetu ya kusemwa, na ungekaa na sisi ungeyajua, ukayaandika tukakushukuru. Hii uliyoandika si nyumba yetu. Ni ya nani?"

Nilisoma nikaizima simu. Nikaiwasha tena nikasoma tena.

Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu kwenye grupu letu la waandishi kwamba anayeandika habari za dini asiogope kukwaza watu. Nimeshalisema hilo kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi. Kumbe mimi mwenyewe ni mwoga wa kutupwa. Nilidhani nikiogopa nitakuwa mwenye adabu, sitaumiza mtu. Matokeo yake nimewakosea watu ambao hawakuwa na kosa lolote kwenye habari hii, nimewabebesha ya kwetu, tena bila kuwajua. Ile hadithi ya kwanza, yenye hasira, isingemsingizia mtu.

Leo mchana nikiwa natoa fotokopi, mshenga wa kina Gasto akapiga. Mzee mpole, hata akiwa na habari mbaya anaanza na salamu ya Kihehe, kamwene, na kuulizia hali ya hewa kana kwamba hatuishi mji mmoja. Nikamwitikia, nikasubiri. Akasema Mama Gasto ameoneshwa ile hadithi. Anauliza kama huyo ndiye atakayekuwa mama mkubwa wa wajukuu zake. Anasema kama hivyo ndivyo tunavyowaona, basi Jumamosi wasisumbuke kuja. Anataka kusikia neno kutoka kwetu leo, kabla hajamwambia mume wake.

Sekela alikuwa amekuja kuniletea chakula. Alisikia yote. Alikaa juu ya maboksi ya karatasi, hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Dada, futa," akasema. "Futa yote. Omba radhi, sema ulikosea. Nakuomba."

Kufuta ni kubonyeza tu. Nilishika kipanya cha kompyuta nikashindwa. Nikifuta na kuomba radhi, lazima niseme kwamba si Wakatoliki. Nikisema si Wakatoliki, wataniuliza lile swali la dada wa Tosamaganga. Na jibu la swali hilo nalala nalo nyumba moja.

Hapa ngoja niseme lile ambalo sijawahi kuliandika popote.

Yule binti ni Mama.

Yeye hajawahi kuniambia. Aliyeniambia ni mama mdogo kule Tukuyu, tulipokuwa tunachambua maharage, akadhani najua. Mama alisimamishwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni mimi. Na kwaya iliyosimama kuimba baada ya pale ilikuwa na baba yangu ndani yake. Sekela ana baba yake mwingine, marehemu, mtu mwema, aliyenilea bila kunibagua. Wangu mimi aliimba besi.

Sasa nimweleze nini Sekela? Kwamba ili harusi yake ipone, lazima nimvue Mama nguo mbele ya watu, tena Mama ambaye leo wanawake wa kanisa wanamwinukia akipita? Au ninyamaze, nimwache Gasto wake aende? Niliganda pale mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza kama mashine imeharibika.

Tulifunga duka mapema.

Mama alirudi saa kumi na moja kutoka kumtazama mgonjwa na wenzake. Akavua viatu mlangoni, akaweka mkoba, akakaa kwenye kochi lake la dirishani. Hakuulizia chai. Akasema mwenyekiti wa wanawake amemwonesha kitu kwenye simu, naye akaomba asome mwanzo hadi mwisho, wakamsubiri. Akavua miwani akaifuta kwa kanga, taratibu, mpaka nikatamani anipige tu.

"Atu. Kwa nini umenipeleka RC?"

Sekela alinitazama mimi, akamtazama Mama, na niliona linamwingia polepole, maana yeye hakuwa anajua chochote. Akakaa chini kwenye mkeka.

Nikasema nilikuwa namwogopea yeye. Akatikisa kichwa.

"Hukuniogopea mimi. Uliogopa watu. Mimi mbona hukuniuliza?"

Na kweli sikumuuliza. Naishi naye, nakula naye, nikaenda kuuliza hofu zangu. Nililia pale kama mtoto na sioni aibu kuliandika hilo.

Mama akamwambia Sekela apige namba ya mama mkwe wake, aweke sauti ya nje. Sekela akawa anasitasita. Mama akamwambia piga.

Walisalimiana Kihehe, Mama anakijua cha kumtosha. Kisha akasema, bila kuzunguka, "Mama Gasto, ile hadithi si ya kwenu. Mwanangu amewasingizia, na atakuomba radhi mwenyewe, yuko hapa. Ni ya kwetu Walutheri. Huyo binti aliyesimamishwa ni mimi. Mtoto ni huyuhuyu mwandishi."

Nikasikia kuku wa upande wa pili wa simu. Sekela alikuwa amenishika mkono kwa kucha.

"Na mwanamume?" Mama Gasto akauliza.

"Aliimba."

Mama Gasto akasonya. Nyie! Msonyo mrefu, ulipita Kalenga yote mpaka Kihesa. Sijawahi kupenda msonyo maishani, lakini ule niliupenda.

Nikapewa simu. Nikamwamkia, nikaomba radhi. Akanijibu marahaba, kisha akasema, "Andika ya kwenu, mwanangu. Ya kwetu yapo, tutayasema wenyewe. Na padre wetu mwachie ukapera wake." Akamwambia Mama kwamba Jumamosi wanakuja, tusihangaike na nyama, wataleta mbuzi. Simu ikakatika, Sekela akajifunika uso na kanga ya Mama akaanza kulia kwa sauti.

Mimi nilidhani Mama atataka sasa nifiche tena, nibadilishe mji, nibadilishe miaka. Nikamuuliza kama nilitoe jina la kanisa. Akasema liache, hilo kanisa ni lake, hakulikodi. Alishainuka kwenda jikoni, akageukia mlangoni.

"Kuna mahali umekosea. Umemliza yule binti mbele ya watu, umemliza wee. Mimi sikulia. Nilikuwa naiangalia kwaya." Akafikiri kidogo. "Uliyelia ni wewe. Ulikuwa na njaa."

Nimekaa na maneno hayo tangu wakati ule.

Nimemrudisha mchungaji kwenye usharika wake na mke wake na chai yake. Nimewaomba radhi Wakatoliki hapa hapa kwenye blogu, na dada wa Tosamaganga nimemwandikia kivyake. Machozi ya binti nimeyafuta yote. Nimeacha mtoto alie. Nimeposti. Tayari mtu wa jumuiya yetu ameshasoma, nimeona jina lake, na hajaandika kitu. Jumapili tutaingia kanisani tukiwa tumeshasomwa.

Ila kuna jambo moja sijalimaliza, na ndilo linalonitisha kuliko lile la Kalenga. Binti yule alikua, akaheshimika, akachaguliwa mzee wa kanisa. Sasa yumo kwenye baraza la wazee. Na mabinti bado wanaletwa mbele ya baraza, mwaka huu ameletwa mmoja ninayemjua, amekaa benchi la nyuma tangu Pasaka. Kura ya kumtenga ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mama alikuwepo.

Nimeshaanza kulizunguka hilo. Tayari nilikuwa nawaza nimfanye binti wa hadithi ahame, au afe kwa malaria, ili nisifike pale. Nikajishika. Hivi naogopa jibu lake, au naogopa kwamba nitaliandika?

Namsikia jikoni, anasonga ugali na kuimba wimbo wa ibada kwa sauti ya chini. Naiacha kompyuta wazi. Nakwenda kumuuliza alinyoosha mkono au hakunyoosha.