Baba Mdogo Psais Hakukimbia Tena

Tesmine, ukingoni mwa Nile
Mwezi wa Pashons

Mpendwa kaka Pamoun,

Amani ya Bwana ikukute huko Aleksandria. Hujambo? Wifi Didime hajambo? Kifua chake kimetulia? Sisi miili ni mizima. Mama anakula dengu zake vizuri, ila macho yanazidi kufifia.

Nakuandikia habari za baba mdogo Psais, askofu wetu. Unakumbuka askari walipokuja kutulazimisha tuifukizie miungu ubani: yeye alijificha jangwani, shemasi wake Kolluthos akabaki na watu. Wakamkata kichwa. Amani iliporudi, baba mdogo naye akarudi, tukampokea.

Lakini hakurudi peke yake. Kila alipoimba madhabahuni, "Inueni mioyo," alimsikia Kolluthos akiitikia kabla yetu, palepale alipozoea kusimama. Baba mdogo alikuwa akikatiza sala katikati, jasho likimtiririka. Alikonda, kaka, ungemwona usingemjua.

Siku ya Pasaka akavua joho mbele ya watu wote. "Tafuteni mwingine," akasema. "Mchungaji aliyetoroka si mchungaji."

Akasimama bi Tahom, mama yake Kolluthos. Ulimi wake unaujua. "Loo! Ulitukimbia siku ya askari, na leo unatukimbia siku ya Pasaka? Vaa nguo yako, baba. Mwanangu anaitikia, nawe hutaki kumwimbia?"

Akavaa, akaendelea na sala.

Juma lililopita askari walirudi, wametumwa na liwali mpya. Tulimwandalia baba mdogo punda na maji, tukamsihi aondoke. Akaikata kamba aliyofungiwa punda, akampa bi Tahom punda yule. Askari walipobisha hodi, akawafungulia mwenyewe. Wanampeleka machimboni.

Pale mlangoni, amefungwa minyororo, akaimba tena maneno yale, kwa sauti ndogo. Hakuna kati yetu aliyeitikia. Akanigeukia.

"Herais mwanangu, umemsikia?"

"Nimemsikia, baba."

Akatabasamu, akaenda. Sikusikia kitu, kaka, ila minyororo. Na tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kusimama mahali pa shemasi.

Msalimie wifi, na watoto, Nonna na Besa mdogo. Bi Tahom anakusalimu. Mama anakuombea Bwana akufunike kwa kiganja chake. Nawe muombee baba mdogo kila uwashapo taa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata tusipoonana,
Herais